Nimelipia siku nzima ya picha za ndege Manyara, nimeletewa dereva asiyejua jua liko wapi!

Wakuu, nina hasira tangu juzi na bado hazijapoa.

Kampuni moja ya utalii iliniuzia siku nzima ya kupiga picha za ndege Ziwa Manyara. Niliwaambia mapema, tena kwa maandishi: saa 12 asubuhi geti la hifadhi linapofunguliwa tuwe pale. Gari limenifuata Mto wa Mbu saa 2:40! Eti dereva alikuwa anasubiri lanchi boksi.

Kwenye maji tumefika saa 4. Huku kwetu jua halina subira, ile rangi ya asali ya mwanga wa asubuhi ilishaondoka zamani. Nikampiga picha yangeyange hatua kumi tu kutoka dirishani: mgongo mweupe pee, hakuna unyoya hata mmoja unaoonekana, jicho limezama kwenye kivuli. Ndege asiye na nukta ya mwanga jichoni anaonekana kama amekufa. Nalalamika, najibiwa "utarekebisha kwenye kompyuta." Nirekebishe nini? Sehemu ya picha ikishaungua kwa mwanga mwingi haina kitu cha kurudisha!

Tukamkuta mdiria kwenye tawi kavu, bahati ya mtende. Jamaa anasimama tukilikabili jua, injini inaunguruma, lenzi inatetemeka, na nyuma ya ndege kuna gari jeupe la wageni wengine. Namwomba arudi mita tatu tu, ili nyuma ya ndege pabaki majani matupu. Hataki. Anang'ang'ania nisimame juu ya kiti nipigie kwenye paa! Ndege wa chini ukimpiga kutoka kule juu unaambulia mgongo na matope.

Kilichonichefua kabisa ni heroe (flamingo). Walikuwa wanakula kwa utulivu, vichwa majini, akapiga honi "waruke upate picha kali." Viumbe wanachuja chakula chao kwenye magadi, unawarusha kwa sababu ya picha? Sikubonyeza hata mara moja. Niliona aibu kuwa ndani ya gari lile.

Na jioni ingetuokoa. Pale ziwa liko mashariki, ukuta wa Bonde la Ufa uko magharibi, kwa hiyo kuanzia saa 10 jua liko mgongoni kwako na ndege wote wanawaka, mpaka lizame nyuma ya ukuta. Saa 9:30 akageuza gari, eti tuwahi kutoka.

Nimedai nusu ya hela yangu. Wamejibu ndege nimewaona, kwa hiyo huduma imetolewa. Siwaachi. Na anayemfahamu dereva wa Mto wa Mbu anayezima injini bila kuombwa, aniandikie hapa.