Tupeane uzoefu: riwaya ya kunusurika porini ilikufanya nini ulipokuwa mdogo?

MTOA MADA (Mafinga)

Wakuu, kamwene. Mpwa wangu wa kidato cha kwanza kajifungia chumbani na kitabu nilichompa, ugali umepoa mezani, nami nimekumbuka mbali.

Nilikisoma kidato cha pili, bweni, mkoani Iringa. Mwalimu wa Kiingereza alikuwa na nakala moja tu ya Hatchet, riwaya ya Mmarekani Gary Paulsen iliyotoka mwaka 1987. Jalada lilishatoka, tukawa tunapokezana kwa orodha, kila mtu siku tatu. Kwa asiyeijua: Brian, mvulana wa miaka 13, yuko na rubani kwenye kindege juu ya misitu ya Kanada. Rubani anapatwa na shambulio la moyo, anafariki, ndege inatua ziwani na kuzama. Mtoto anabaki na nguo alizovaa na kishoka alichopewa na mama yake. Siku 54.

Mimi kilichonishika ni moto. Usiku nungunungu kaingia pangoni, Brian anarusha kishoka gizani, kinagonga ukuta, cheche zinaruka. Kesho yake anakaa kugonga na kugonga, cheche zinafia kwenye nyasi, mpaka anachambua gome la mti likawa laini kama nywele, halafu anapuliza. Sehemu hiyo nilirudia mara nne.

Likizo ya Juni nikachukua panga la babu bila kuomba, nikaenda mtoni kugonga mawe mpaka makali yakapata mapengo. Babu akanikuta. Nikajua leo napigwa. Akalitazama panga, akalitazama jiwe, akauliza nani kanifundisha. Nikamsimulia kitabu chote, tumekaa pale pale juu ya mawe.

Akasema, "Jiwe hili halina moto."

Akakata kijiti kigumu, akatoboa kishimo kwenye kipande cha mti laini uliokauka, akachonga na mfereji mdogo pembeni, akaanza kupekecha. Viganja vinashuka na kijiti mpaka chini, anavirudisha juu upesi kabla joto halijapoa. Unga mweusi ukajikusanya mferejini, ukafuka moshi. Akaumimina kwenye nyasi alizozifikicha, akaubeba kwa mikono miwili kama kifaranga, akapuliza. Alikuwa amevuka miaka 70, na maisha yangu yote nilimwona akiwashia kiberiti tu. Sikuwahi kumuuliza. Kitabu cha Kanada ndicho kilichonifanya nimuulize babu yangu.

Karibuni, kila mtu na lake.

MDAU (Makete)

Kitabu alisoma kaka, akawa ananisimulia jioni tukiota moto jikoni. Nilikuwa na miaka 11. Mwezi wa saba nikafuata kondoo wetu kule juu kwenye nyasi za upande wa Kitulo, ukungu ukashuka. Wa huku mnaujua: unanyoosha mkono huoni vidole. Nikaanza kukimbia na kuita mama. Ndipo nikakumbuka kaka alivyosimulia kwamba Brian alilia mpaka machozi yakaisha, na yalipoisha kila kitu kilikuwa vile vile. Nikasimama. Nikatafuta mwamba wa kukinga upepo, nikang'oa nyasi kavu nikazishindilia ndani ya sweta mpaka nikawa kama gunia, nikakaa. Asubuhi sakitu, ule umande ulioganda, nyeupe kila mahali, nikasikia sauti ya baba. Njia ilikuwa karibu, kama urefu wa uwanja wa mpira. Upande niliokuwa nakimbilia jana yake kulikuwa na korongo.

MTOA MADA

Pole sana dada, na Mungu ashukuriwe. Hiyo ya nyasi kwenye sweta nayo ilitoka kitabuni?

MDAU (Makete)

Hapana kaka. Nyumbani tulilalia magodoro ya nyasi, nilijua zinatunza joto. Kitabu kilinisimamisha tu. Nilipotulia ndipo vya nyumbani vikanijia.

MWALIMU (Mbeya mjini)

Nasema kama mzazi na mwalimu. Miaka ya nyuma wanafunzi wangu wawili walisoma hadithi ya namna hii, wakatoroka na kisu na chumvi kwenda milimani, upande wa Loleza. Siku ya pili wakachemsha uyoga. Mmoja alilazwa siku nne, na mpaka leo nikikumbuka uso wa mama yake pale wodini naumia. Jamani, sumu ya baadhi ya uyoga haitoki hata uchemshe vipi, na ile mibaya zaidi huchelewa saa sita au zaidi ndipo tumbo linaanza, mtu ameshajiona yuko salama.

Sikuacha kusomesha vitabu hivyo. Brian mwenyewe alikula matunda asiyoyajua akatapika vibaya usiku, mwandishi hakuficha. Nilichofanya ni kumleta darasani bibi mmoja muokota uyoga, na kapu lake. Akaupanga mezani mmoja mmoja, akataja jina, unaota chini ya mti gani, unafanana na upi mbaya. Akawaambia, "Usioujua jina usiuokote." Walimsikiliza kuliko wanavyonisikiliza mimi.

MDAU (Tukuyu)

Mimi sijawahi kupotea wala kuwasha moto. Kwangu kilikuwa kitabu cha kwanza cha Kiingereza kukimaliza, kwa sababu sentensi ni fupi na nilitaka kujua kama mtoto atapona. Kamusi pembeni, wiki tatu. Baada ya hapo sikuogopa tena kitabu kinene.

MTOA MADA

Asanteni. Mwalimu, hilo la bibi na kapu nimelichukua.

Mpwa ametoka chumbani sasa hivi. Kafika kwenye moto, anauliza kama nina panga. Nimemweleza habari za babu, ambaye tulimzika zamani, na Jumamosi tutapekecha uani, ndoo ya maji pembeni, maana moto wa kiangazi na misindano hapa kwenye msitu wa kupandwa wa Sao Hill tunaujua. Shida ni kwamba babu hakuwahi kunitajia jina la ule mti laini, na huku kumebaki misindano na milingoti. Mwenye mzee nyumbani, hasa Wahehe na Wabena, naomba amuulize usiku huu: unaitwaje, na unaota wapi?