Hivi Compaq ilipotelea wapi?

Mdadisi_Mtulivu:
Wadau habari zenu. Juzi napekua kabati nikakuta kibodi ya kizamani imeandikwa Compaq, nikakumbuka hili jina lilivyokuwa limejaa kila mahali afu leo halisikiki kabisa. Najua HP ndo waliwamezea 2002, ila kinachonitatiza ni hiki, kampuni iliyokuwa namba moja duniani kwa kuuza PC inafikaje hapo? Na la pili, kuna jamaa kaniambia walianza kwa kukopi kompyuta ya IBM, sasa mbona hawakuburuzwa mahakamani? Mwenye kujua atiririke.

BodiMama:
Mkuu nianze na la kukopi maana ndo lenye utamu. IBM walitoa PC yao Agosti 1981 wakiwa na haraka, karibu kila kitu wakanunua nje, prosesa ya Intel, mfumo endeshi wa Microsoft, na Microsoft hawakukatazwa kumuuzia mtu mwingine. Kilichobaki chao hasa ni BIOS, ile programu ndogo ndani ya chipu inayoamsha mashine na kuongea na kibodi na diski. Hiyo ina hakimiliki, ukiinakili ilivyo umekwisha.

Sasa Rod Canion, Jim Harris na Bill Murto wakatoka Texas Instruments wakaanzisha Compaq pale Houston Februari 1982, mtaji ukatoka kwa Ben Rosen na wenzake. Walichofanya ni kutenganisha watu, hawa wanasoma BIOS ya IBM na kuandika inafanya nini tu, wale wengine ambao hawajawahi hata kuichungulia wanaandika ya kwao kutoka kwenye yale maelezo. Sheria inalinda maandishi, hailindi kazi ambayo maandishi yanafanya, basi IBM wakabaki wanaangalia. Mashine yenyewe, Compaq Portable, ikatangazwa Novemba mwaka huohuo kwa dola 2,995. Kilo 12 na ushee, na waliiita ya kubeba 😂 Mwaka wa kwanza sokoni ziliuzwa kama 53,000, mauzo dola milioni 111.

Kichwa_Ngumu:
Mi naona BIOS inasifiwa kupita kiasi, wengine nao waliitengeneza baadae. Ujasiri hasa ni Septemba 1986 walipotoa Deskpro 386. Hadi hapo kila mtu alikuwa anasubiri IBM atoe kitu ndo aige, Compaq wakaichukua prosesa mpya ya Intel wakatoka nayo kabla ya IBM. IBM akaja 1987 na mashine za PS/2 zenye njia mpya ya kuchomekea kadi za ziada ndani ya mashine, anayetaka kuitumia alipie leseni. Compaq wakakusanya wenzao, jumla kampuni tisa, 1988 wakatangaza ya kwao inaitwa EISA. Haikushika sana kwenye mashine za kawaida ila tangu hapo hakuna aliyemuomba tena IBM ruhusa.

Walichojiulia ni kununua Digital (DEC), watengenezaji wa kompyuta kubwa za makampuni, 1998, dola bilioni 9.6. Kampuni kubwa, watu wengi, biashara nyingine kabisa, yaani chatu kameza ng'ombe. Aprili 1999 bosi Eckhard Pfeiffer akaondolewa.

Stoo_Tupu:
Hapana Kichwa, Digital ilikuta mgonjwa tayari kalala. Muuaji ni Dell.

Compaq walikua haraka kwa sababu waliwapa maduka amani, IBM alikuwa na watu wake wa mauzo wanaogombania wateja na maduka hayohayo yanayomuuzia, Compaq wakasema sisi tunauza kupitia nyie tu. Safi sana. Ila Michael Dell, aliyeanza 1984 akiwa mwanafunzi Austin, anachukua oda kwanza, hela inaingia, ndo anaunga mashine. Prosesa inashuka bei kila baada ya muda mfupi, sasa mashine ya Compaq ikikaa wiki kadhaa stoo na dukani inazidi kuoza kama nyanya, ya Dell haina pa kuozea. Compaq akisema naye auze moja kwa moja anawasaliti walewale waliomkuza. Alijaribu, akawa huku hayupo na kule hayupo.

Na vita ya bei waliikoleza wenyewe. 1991 mambo yalipowaharibikia wakamtoa Canion, Pfeiffer akashusha bei 1992, na 1994 wakawa namba moja kweli. Ila ukishamzoesha mteja bei ya chini jina halikusaidii tena, atamfuata yeyote mwenye rahisi.

Mdadisi_Mtulivu:
Duh asanteni sana. Kwa hiyo ule mlango waliomuingilia IBM hawakuufunga, na wengine wakapitia hapohapo?

Kichwa_Ngumu:
Wangeufungaje sasa wakati si wao waliotengeneza prosesa wala Windows. Ila haya Stoo, kwenye maduka umenikamata kidogo. Digital bado naidai.

Mdadisi_Mtulivu:
Haha sawa. Hii kibodi ina plagi ya duara ya pini ndogondogo, haiingii popote kwenye laptopu yangu, kuna adapta yake?

BodiMama:
Zipo mkuu, tafuta adapta ya kutoka PS/2 kwenda USB. Na hiyo plagi hebu iangalie vizuri, ilikuja na zilezile mashine za IBM za 1987 alizozisema Kichwa hapo juu. Njia ya kadi waliikataa, ya kibodi wakaichukua.