Fundi kamera kanipiga hapa Dodoma: kamera ya geti inalala usiku, mlinzi nimebaki mimi

Mbukwenyi wakuu. Naandika nikiwa na hasira, lugha ikinitoka mtanisamehe.

Niko Nzuguni. Mwezi wa pili nilimwita fundi anifungie kamera nne. Vifaa nilinunua mwenyewe kwa orodha yake, ufundi pamoja na waya tukakubaliana laki nne. Nikampa 280,000 mkononi, 120,000 ikabaki hadi kazi ikamilike. Alimaliza siku hiyo hiyo, mchana. Picha kwenye runinga safi kabisa, unasoma hadi namba ya bodaboda inayopita nje. Nikafurahi, nikamuongezea na nauli. Mjinga mimi.

Saa moja na robo jioni kamera ya geti ikazima. Ikarudi. Ikazima tena. Usiku kucha inakonyeza tu. Kulipokucha ikapona, mchana kutwa haina hata mafua, jioni ugonjwa ule ule.

Nampigia. "Bosi, hiyo kamera itakuwa mbovu, nunua nyingine." Nikanunua, 75,000. Ikafa saa ile ile. "Bosi, basi ni DVR." Nilipokataa kununua DVR, kile kisanduku kinachorekodi picha, akaja na jipya: "Umeme wa huko kwenu mdogo." Umeme mdogo! Friji inagandisha, pasi inaunguza, kamera tatu nyingine zinakesha, halafu umeme uwe mdogo getini peke yake?

Wiki hiyo hiyo wezi wakaja kuchukua pampu ya maji. Mnajua maji ya mji huu, pampu na simtanki ndiyo roho ya nyumba. Pampu ilikuwa imefungwa hatua nne kutoka getini, mbele ya macho ya kamera. Nikarudisha rekodi nyuma: pampu ipo, giza, pampu ipo, giza, zimebaki nati na bomba linalovuja. Ushahidi niliopeleka polisi ni giza.

Hapo nikaamua kujifunza. Nikaenda madukani kule Majengo, nikanunua multimita, kile kipimo cha umeme, ya elfu ishirini na tano. Mimi si fundi umeme, ni mtu wa makaratasi. Lakini kupima volti za moja kwa moja (DC), kama hizi za kamera, ni kuzungusha kitufe na kugusisha ncha mbili tu.

Kwenye adapta inayogeuza umeme wa ukutani kuwa volti 12 za kamera, ndani ya nyumba: volti 12.1. Kwenye kamera ya geti, mchana: 11. Nikachukua soksi ya mwanangu, nikaifunika kamera ili ifikiri usiku umeingia. Zile taa zake nyekundu zikawaka, na mita ikashuka palepale hadi 8.6. Kamera ikazima. Soksi! Soksi imegundua kitu ambacho "fundi mzoefu" hakukiona kwa wiki tatu.

Kwa msiojua, kamera hizi za volti 12 mchana zinakula umeme kidogo. Giza likiingia zinawasha taa zake za kuonea usiku, na hapo zinakula mara mbili au tatu zaidi. Waya ukiwa mrefu na mwembamba, volti zinaishia njiani. Kutoka adapta hadi getini kwangu ni mita 45, na umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu ni mita 90 za waya. Yeye kaweka kiwaya chembamba kama cha spika. Nikakikwangua kwa wembe: juu rangi ya shaba, ndani cheupe. Alumini iliyopakwa shaba, wakuu, na alumini inazuia umeme zaidi ya shaba. Mimi nimelipia waya wa shaba.

Zile tatu nyingine zinapona kwa sababu ziko mita kumi, kumi na mbili tu kutoka kwenye adapta. Hakuna muujiza.

Nikamtumia picha za mita. Akaja, safari hii mpole. Mkononi ana testa ya bisibisi na tepu nyeusi, basi. Testa ile inakuambia kama waya una moto wa nyumbani, volti 12 haizijui kabisa. Ina maana siku zote hizo hajawahi kupima, alikuwa anabashiri kwa pesa yangu.

Na alichofanya ndicho kimenifanya nianzishe uzi huu. Kahamisha adapta getini, kaiunga kwenye waya wa taa ya geti. Taa ile swichi yake iko sebuleni. Asubuhi mama watoto akazima taa kama kawaida, kamera nayo ikazima. Tukatoka kuwa na kamera ya mchana tukapata kamera ya usiku. Nikampigia. "Basi bosi, msiwe mnazima taa."

Nikapanda ngazi kuangalia alivyounga. Volti 230, waya umesokotwa kwa vidole, tepu mizunguko mitatu, unaning'inia ukigusa nguzo ya chuma ya geti. Nje, palipo wazi. Jua la Dodoma litakausha gundi ya ile tepu, kisha mvua ya Desemba iingie. Geti hilo wanangu wanalishika kila asubuhi wakienda shule. Nilizima mein swichi, nikakata vyote, mikono inatetemeka.

Sasa hivi kamera ya geti haina umeme kabisa. Jumamosi nachimba mfereji, nipitishe bomba na waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 kutoka adapta hadi getini, maungio yakae ndani ya boksi lisiloingiza maji. Mwenye ushauri bora aseme kabla sijashika jembe.

Jana usiku kanitumia ujumbe: "Bosi kesho saa tatu napita kuchukua ile 120 yangu." Yake! Nimlipe au nimkabidhi ile soksi?