Hoteli ya nyota nne au yenye cheti cha kijani? Kikao Diani, watu 22, naombeni msaada

Bint_Pangani

Habari zenu wakuu. Naombeni mnisaidie hili maana limenikalisha na simu wiki nzima. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama wa mwani huku Pangani, mwezi wa tisa tuna kikao cha siku nne na wenzetu wa Kwale, Kenya, tunavuka mpaka Horohoro tunalala Diani, afu siku moja tunaenda Gazi kuwaona watu wa Mikoko Pamoja wanavyotunza mikoko na kuuza kaboni yake, yani wanalipwa kwa hewa ya ukaa ambayo mikoko inaifyonza. Jumla watu 22. Mfadhili katoa hela ila kaweka masharti mawili, hoteli iwe nyota nne na iwe na cheti cha kijani, yani cha kutunza mazingira. Cheti cha nani hajasema.

Nimebaki na hoteli mbili. Ya kwanza kwenye apu ina nyota nne, picha nzuri kweli, mabwawa mawili ya kuogelea, na kwenye tovuti yao wameweka alama fulani ya jani la kijani imeandikwa rafiki wa mazingira, basi, jina la aliyewapa halipo. Ya pili ndogo, nyota tatu, haina lifti, ila wanasema wana cheti cha Ecotourism Kenya, shirika la utalii unaotunza mazingira, ngazi ya fedha. Bei hazipishani sana.

Sasa hizi nyota nani hasa anazitoa? Maana hoteli hiyohiyo apu hii inasema nne, ile inasema tano. Na hicho cheti cha kijani kina uzito au ni pambo tu? Maisha yetu sisi ni bahari, maji yakichafuka mwani unaoza na nyumbani hakuliki, kwahiyo sitaki kabisa twende kujadili bahari huku tumelala mahali panapoiharibu.

Mapokezi_Arusha

Dada karibu, hapa ni kazini kwangu kabisa, nimekaa mapokezi mwaka wa kumi na moja huu.

Nyota za kweli zinatoka serikalini. Kenya wanaotoa ni Tourism Regulatory Authority (TRA, mamlaka yao ya utalii, si ile TRA yetu ya kodi), huku kwetu bara ni Wizara ya Maliasili na Utalii, Uganda ni bodi yao ya utalii. Vigezo ni vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, yani nyota nne ya Diani na nyota nne ya Arusha zinatakiwa zitoke kwenye karatasi moja. Wakaguzi wanakuja wanaangalia vyumba, bafu, jiko, usalama wa moto, huduma, wafanyakazi wamesomea nini, wanajumlisha alama. Na hoteli ya mjini haipimwi sawa na lodji au kambi ya mahema, kila aina ina karatasi yake. Ile ya kwenye apu mara nyingi mwenye hoteli kajaza mwenyewe, ndo maana unaona huku nne kule tano. Halafu kuna zile alama za wageni, 8.6 sijui 9.1, hizo nazo watu wanazichanganya na nyota, ni maoni tu ya waliolala. Hata ile Burj Al Arab ya Dubai inayoitwa nyota saba, hakuna mamlaka iliyowahi kuipa saba, ni maneno ya watu yakaganda.

Kitu ninachotaka ukielewe ni hiki, nyota zinapima raha ya mgeni, maji taka yanaishia wapi hilo hazikuambii. Lifti, bwawa, chakula cha chumbani usiku wa manane, vyote vinapandisha hadhi na vyote vinakula maji na umeme. Angalia Chumbe kule Zanzibar, bungalow saba tu, maji ya mvua, umeme wa jua, vyoo vya mboji visivyomwaga kitu baharini, kiyoyozi hakuna. Ukienda na jicho la lifti na bwawa utaona si kitu, lakini matumbawe yake yanalindwa kisheria tangu 1994 na watu wanatoka mbali kuja kuyaona.

Kwahiyo cha kwanza angalia orodha ya TRA yenyewe, tafuta majina ya hizo hoteli mbili, usiulize hoteli.

Kamanda_wa_Mzizima

Mimi nitasema ukweli hata kama hautapendeza. Hivyo vya kijani vingi ni biashara. Nimelala hoteli kadhaa za kikazi, bafuni kuna kakaratasi kanakuomba urudie taulo ili kuokoa dunia, ukitoka nje kiyoyozi cha ukumbi mtupu kinanguruma toka asubuhi na majani yanamwagiliwa saa saba mchana. Wanachookoa pale ni sabuni yao na bili yao ya dobi. Mfadhili anataka nyota nne, mpe nyota nne, hela ni yake.

Mama_Rehema_Copenhagen

Kamanda hilo la taulo uko sahihi na si wewe wa kwanza kuliona, kuna Mmarekani anaitwa Jay Westerveld aliliandika 1986, hoteli kuomba wageni warudie taulo huku zenyewe hazifanyi lolote lingine, na hapo ndipo lilipotoka neno la Kiingereza greenwashing, la kuita huu ujanja wa kujipaka kijani. Lakini ujanja wa wachache usitufanye tutupe na vyeti vya kweli.

Mimi ni msafishaji vyumba hapa Copenhagen, hoteli yetu ina cheti cha kijani kinaitwa Green Key. Hii ilianzia hapahapa Denmark 1994, sasa iko nchi zaidi ya 60. Si kakaratasi dada yangu. Mkaguzi anakuja, anatuuliza sisi wa chini kabisa, taka mnatenganisha vipi, dawa hii ya choo mnapima kiasi gani, nani alikufundisha. Bafu lina kiwango, maji yasizidi lita 9 kwa dakika. Hicho unaweza kukipima mwenyewe, chukua ndoo ya lita 10 fungua bafu mpaka mwisho, ikijaa kabla ya dakika moja ujue maji yanapotea.

Swali kubwa la kuuliza ni nani kakupa cheti. Kama hoteli imejipa yenyewe hicho si cheti. Kama kapewa na shirika, uliza nani analiangalia hilo shirika. Kuna baraza la dunia la utalii endelevu linaitwa GSTC, lenyewe halitoi vyeti kwa hoteli ila linaweka vigezo na kuthibitisha mashirika yanayotoa, watu wengi wanachanganya hapo. Na apu msiziamini sana kwa kijani, Booking.com walikuwa na alama yao ya majani kwa ajili ya hoteli, Machi 2024 wakaiondoa baada ya mamlaka ya walaji ya Uholanzi kusema inaweza kupotosha watu, sasa wanaonyesha vyeti vya mashirika ya nje.

Ecotourism Kenya nawajua kwa kuwasoma, mpango wao wa kupima ulianza 2002, ngazi ni shaba, fedha na dhahabu. Kwa hiyo hiyo hoteli yako ndogo ikiwa kweli ina fedha, imekaguliwa. Ila omba nakala uone na tarehe ya mwisho, maana cheti kilichokwisha muda kinaweza kukaa ukutani miaka.

Fundi_Ukunda

Asalaam aleikum. Mimi ni fundi wa mabomba hapa Ukunda, hoteli za huu ufuo nimeingia mlango wa nyuma karibu zote, kwa hivyo dadangu nitakwambia ya mlango wa nyuma.

Huku chini yetu ni mwamba wa matumbawe, una vitundu vitundu kama sponji. Shimo la choo likivuja au likijengwa kienyeji, uchafu hauchujwi, unashuka moja kwa moja na maji kupwa na kujaa yanauvuta baharini. Nilishawahi kuitwa hoteli moja, siitaji, mlangoni nyota zinang'aa, nyuma shimo limepasuka linamwaga kwa mchanga usiku, asubuhi vijana wanafukia na reki kabla wageni hawajaamka. Niliumia sana, mimi babangu alikuwa mvuvi wa malema papo hapo mbele. Na visima nivyo hivyo, hoteli ikivuta maji mengi kuliko mvua inavyorudisha, chumvi inaingia, na haiingii kwa kisima cha hoteli peke yake, inafika kwa kisima cha kijiji pia. Bwawa moja la kuogelea si dhambi lakini uliza linajazwa na maji gani.

Mukipiga simu musimuulize mtu wa mauzo, ombeni fundi wa hoteli au yule wanayemwita meneja wa matengenezo. Muulize maji machafu yanasafishwa wapi, kuna mtambo au ni shimo, boza la kunyonya huja mara ngapi, maji yakishasafishwa huenda wapi. Hoteli nzuri itakwambia tunamwagilia bustani. Muulize mafuta ya jikoni nani huchukua. Muulize na wafanyakazi wangapi ni wa hapa Kwale, maana mwenyeji akiwa ndani hakubali bahari ya kwao ichafuliwe hivihivi. Fundi wa kweli atajibu yote bila kutafuta maneno, kazi yake ni hiyo kila siku.

Na wewe Kamanda, ukisema hela ni ya mfadhili, sawa, lakini bahari ni ya nani?

Kamanda_wa_Mzizima

Fundi hapo umenigusa. Hiyo ya mchanga na reki sikuwahi kuifikiria. Narudisha maneno, dada uliza hayo maswali yote.

Bint_Pangani

Wakuu nimerudi, samahani nimechelewa tulikuwa bamvua, mwani haungoji.

Hoteli ya kwanza nimeongea nao mara tatu. Nikauliza kijani kapewa na nani, dada wa mauzo akasema kampuni ya nje. Ipi? Ataangalia. Siku tatu kimya afu akanitumia ile picha ya jani ileile ya kwenye tovuti. Nikaomba fundi, akasema fundi haongei na wageni. Na kwenye orodha ya TRA jina lao sikuliona kwenye nne.

Ya pili nakala imekuja ndani ya saa moja, ina ngazi, ina tarehe, haijaisha muda, nikawauliza na Ecotourism Kenya wenyewe wakanithibitishia. Nyota tatu ni za kweli zipo kwenye orodha. Fundi wao nimeongea naye dakika ishirini nzima, mpaka akanieleza maji ya kufulia yanavyopita kwenye matete kabla ya kwenda kwenye migomba. Nina binamu yangu yuko Ukunda nikamtuma na ndoo ya lita 10 kama alivyosema Mama Rehema. Vyumba viwili ndoo imejaa kwa dakika moja na sekunde ishirini hivi, cha tatu sekunde hamsini, meneja akaandika namba ya chumba mbele yake akasema anabadilisha kichwa cha bafu.

Mfadhili nimemwandikia nikamweleza tofauti ya nyota na cheti, nikamwekea nakala ya cheti, nikamwambia wazi kwamba nyota nne tutaikosa. Kakubali tatu. Kasema mwakani masharti yataandikwa upya, cheti kitajwe cha nani na kionyeshwe tarehe.

Lifti haipo kweli, ila wametupa vyumba vinne vya chini kwa mama zetu wenye magoti. Mungu awabariki wote, Fundi nitakupigia salamu tukifika.

Fundi_Ukunda

Karibuni sana. Siku ya Gazi musibebe chakula cha hoteli, wale kina mama wa daraja la mikokoni wanapika, wali wa nazi na samaki. Agizeni siku moja mbele, muwaambie ni 22.