Bf 109 akinikalia mkiani nifanyeje? Spitfire inazima kila nikipiga mbizi

Rubani_Nkuhungu:
Wakuu, heshima zenu. Niko Nkuhungu, Dodoma. Laptopu ya mtumba, joistiki ya mtumba, kitufe kimoja kimekufa. Wiki ya tatu sasa narusha Spitfire Mk I, ndege ya kivita ya Mwingereza, kwenye gemu ya Vita vya Pili vya Dunia. Bf 109, ile ndege ya kivita ya Mjerumani, akija nyuma nasukuma usukani mbele nimkimbie chini, injini inakohoa, inazima, nabaki kama kuku aliyefungwa miguu. Nikikata kona, risasi zinanikuta humo humo. Jana nimedunguliwa mara 11 na bando limekata. Nakosea wapi?

FundiKabureta:
Mdogo wangu, gemu haijakosea. Mimi ni fundi pikipiki Chang'ombe, hiyo kesi naijua. Merlin, yaani injini ya Spitfire, zile za mwanzo zilikuwa na kabureta ya boya. Ukisukuma pua chini ghafla, mafuta yanarushwa juu na injini inakosa cha kunywa. Injini ya Mjerumani ilipuliziwa mafuta moja kwa moja kwenye silinda, kwa hiyo yeye anasukuma na anaenda. Mwaka 1941 mhandisi Beatrice Shilling alibuni kipande kidogo cha chuma chenye tundu, kikapunguza sana ugonjwa huo. Mk I yako ya 1940 haina. Basi pinduka kwanza, tumbo juu, ndipo uvute usukani. Marubani wa Uingereza walifanya hivyo hivyo.

Sasa kona. Nahisi unakata mapema. Akiwa bado mbali ana nafasi ya kukata kwa ndani akusubiri mbele. Mwache asogee, hasa akija na kasi kubwa kuliko yako, halafu lala ubavu uvute kwa nguvu. Umewahi kuona bodaboda anavyochepuka ghafla kichochoroni pale Majengo na gari lililomfuata likapitiliza? Ndiyo hiyo.

Na itazame pua yake. Ikielekea mkia wako, risasi zitapita nyuma. Ikitangulia mbele ya njia yako, anapima kupiga, na mara nyingi muda huo pua yake mwenyewe imekuficha asikuone. Hapo biringika kidogo, ubadili mlalo wa kona. Ila usigeukie upande wa pili kabla hajapitiliza! Hilo limeniua mimi mara nyingi kuliko kabureta.

Dada_wa_Makulu:
Fundi kasema vizuri ila kasahau intaneti. Mimi nikicheza seva ya Ulaya pingi yangu (muda wa ishara kwenda kwenye seva na kurudi) haishuki chini ya milisekunde 190. Adui unayemwona ni wa muda kidogo uliopita, na kona yako inamfikia ikiwa imechelewa. Kwa hiyo usingoje hadi uone macho yake, kata nukta moja kabla ya pale anaposema fundi.

FundiKabureta:
Dada, kweli. Mimi nacheza na roboti siku hizi, nimesahau shida zenu.

Rubani_Nkuhungu:
Nimejaribu usiku huu. Nimekufa mara nne tu, na wawili wamepitiliza mbele yangu kabisa! Ila wakipitiliza wanapanda wima, nami nikiwafuata naishiwa kasi, naning'inia, wananigeukia.

FundiKabureta:
Usimfuate. Ana kasi ya ziada, ndiyo anayokutegea. Mpe risasi fupi anapokatiza, kisha shusha pua taratibu, rudisha kasi yako, na umtazame anashukia wapi.

Rubani_Nkuhungu:
Taratibu, nisizime tena. Nimekuelewa kaka.