Stoo ya nguo isiyo na dirisha: ninunue mashine ya kukausha hewa au feni ya kutolea hewa?

Mkaazi wa Raskazone: Assalaam aleikum ndugu zangu. Nina stoo ya nguo isiyo na dirisha, na tangu masika yaanze nguo zinafanya koga. Juzi nilitoa kanzu ya marehemu baba nikakuta madoa ya kijivu yametambaa kutoka shingoni hadi kifuani, na uvundo haukutoka hata baada ya kuifua mara mbili. Mwisho wa mwezi nitaweza kununua kitu kimoja tu, ama mashine ya umeme ya kukausha hewa, ama feni ya kutolea hewa. Naomba ushauri.

Fundi Ngamiani: Waaleikum salaam. Ndugu yangu, umeuliza dawa bila kutaja ugonjwa. Stoo ina ukubwa gani? Ukuta ni wa tofali za saruji au wa mawe ya matumbawe? Upande wa pili kuna nini? Kabla ya kununua chochote, bandika kipande cha nailoni ukutani, ukizibe pande zote nne, ukiache siku mbili. Ukikuta matone upande ulioelekea ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakiwa upande wa chumbani, yanatoka hewani.

Bi Chumbageni: Mwanangu, usikimbilie umeme. Mimi huweka mkaa kwenye kikapu, huuanika juani kila wiki, na Ijumaa hufukiza udi. Nguo zangu zinanukia vizuri.

Fundi Ngamiani: Shikamoo mama. Udi huficha harufu, lakini kuvu hubaki pale pale. Na mkaa hunyonya unyevu kidogo mno kwa stoo nzima wakati wa masika.

Bi Chumbageni: Marahaba. Hata hivyo kanga zangu hazijaota koga, na hilo nimeliona kwa macho yangu.

Msafiri wa Pangani: Mimi naomba mjihadhari na vile vikopo vya chembechembe za kalsiamu kloraidi. Hunyonya unyevu kweli, lakini chembechembe huyeyuka na kuwa maji ya chumvi. Nilikiweka kimoja juu ya rafu, kikapinduka usiku, na maji yake yakachuruzika juu ya sanduku la ngozi na suti niliyoolea. Nilidhani yatakauka. Wiki nzima kitambaa kilikuwa chepechepe, kwa sababu chumvi ile iliendelea kuvuta unyevu wa hewani, na ngozi ilijikunja ikawa ngumu kama ubao. Suti niliiokoa kwa kuiloweka mara kadhaa, sanduku nililitupa. Ukivitumia, viweke sakafuni ndani ya beseni.

Mama Wawili: Nina mashine, na siiachi. Nafunga mlango, nakausha hadi kipimo cha unyevu wa hewa kishuke chini ya asilimia 60, kisha naizima. Yangu ni ya wati 250, kwa hiyo ikiwaka kwa muda wa saa nane ni uniti 2 za umeme. Feni kwa hapa Tanga inanitia shaka: ikitoa hewa ya stoo, inayoingia badala yake ni ile ile ya nje, nayo wakati wa masika imejaa maji.

Fundi Ngamiani: Hilo ni kweli kwa masika, dada, ila kiangazi feni husaidia, mradi mlango uwe na upenyo wa kuingiza hewa chini.

Mkaazi wa Raskazone: Samahani kwa kutotaja mapema. Stoo ni mita 2 kwa 2, nyumba ni ya zamani ya mawe ya matumbawe, mwaka jana tulipiga lipu ya saruji, na bafu liko nyuma ya ukuta wenye makabati.

Fundi Ngamiani: Basi hapo pana jambo! Saruji juu ya matumbawe huyafungia maji ndani, ilhali lipu ya chokaa huuacha ukuta upumue. Sogeza makabati yaachane na ukuta walau kiganja kimoja, kisha kagua bomba za bafu.

Mama Wawili: Kubandua lipu ni gharama kubwa. Nguo zake zitaoza akisubiri mafundi.

Mkaazi wa Raskazone: Nimebandika nailoni leo baada ya alasiri, na nguo zote nimezihamishia sebuleni. Nitarudi keshokutwa. Je, doa la koga kwenye kitambaa cheupe cha pamba hutoka kwa ndimu na jua, au nitaichana kanzu bure?