Tupeane uzoefu: uliijulia wapi picha kabla hujapata kamera ya maana?

Wadau habari za usiku. Niko Moshi, napiga picha za harusi na kipaimara, huu mwaka wa sita. Kila wiki kuna kijana ananiuliza inboksi "bro ninunue kamera gani", hajatokea hata mmoja wa kuniuliza mwanga ulikuwa unatoka upande gani. Naanza mimi.

Mwaka wa pili nilikopa kikoba nikanunua lenzi ya 50mm f/1.8, ile yenye tundu kubwa la kuingiza mwanga mwingi, najua sasa nimemaliza. Harusi ya kwanza nayo ilikuwa mwezi wa tatu, maharusi wametoka kanisani saa sita na nusu, nikawasimamisha uwanjani katikati ya jua. Huku kwetu tuko kama nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, mwezi wa tatu jua la mchana linakaa utosini kabisa, kwahiyo macho ya bwana harusi yakatoka mashimo mawili meusi na shela la bibi harusi limeungua jeupe, halina hata mkunjo mmoja. Mama wa bibi harusi alizitazama picha zote mpaka mwisho akanyamaza. Ule ukimya ninao mpaka leo. Na hatua kumi tu nyuma yao kulikuwa na varanda ya kanisa, kivuli safi, mwanga laini unaingia kutoka uwanjani, ningewasogeza pale hata kwa kamera ya kuazima picha ingetoka. Siku hizi nikifika sehemu naangalia kwanza vivuli vimelalia wapi, kamera bado iko begini.

Leteni na nyie.

*Chalii wa Kilombero, Arusha:*
Mimi kamera sina mpaka leo, natumia Infinix. Bi mkubwa anauza nyanya sokoni, nilianza kumpigia bidhaa zake niweke stetasi. Mwanzo nilikuwa navuta zumu picha inatoka chengachenga, baadaye nikaelewa zumu ya simu nyingi haisogezi kitu, inakata kipande cha picha inakikuza, basi nikawa nasogea kwa miguu. Na kioo cha kamera nakifuta kwanza, vumbi la sokoni na mafuta ya vidole yanafanya picha iwe na ukungu. Halafu nabonyeza kwenye nyanya nashikilia mpaka fokasi ijifunge, nashusha mwanga kidogo kwa kidole, ule wekundu unarudi.

Nilijipa zoezi mwezi mzima, fungu la nyanya kila siku, saa moja asubuhi, saa saba, saa kumi na moja jioni. Kuna kitu kilinitesa sana, nyanya zilikuwa zinatoka na rangi kama zimeoza, nikadhani simu mbovu, kumbe ni turubai la bluu juu yetu! Tukasogeza meza kidogo nje ya turubai. Basi.

*Mzee wa studio, Moshi:*
Wanangu hamjambo. Sisi mkanda mmoja ulikuwa picha 36, ukibonyeza ovyo ni hela yako. Mita ya kamera yangu, ile inayopima mwanga, ilikufa nikaendelea na kazi miaka, jua kali filamu ya 100 (namba ya wepesi wake wa kushika mwanga) unaweka tundu la lenzi f/16 na shata 1/125 ya sekunde, wingu likifunika unafungua tundu mpaka f/8.

Vijana niliowafundisha niliwapa yai jeupe juu ya kitambaa cheupe karibu na dirisha, walipige mpaka lionekane mviringo. Kamera inataka kila kitu kiwe kijivu cha wastani, ukiipa weupe mtupu inaushusha, ndiyo maana theluji ya Kibo inawatokea kijivu, na shela vilevile. Unaiongezea stopu moja, yaani mwanga mara mbili. Mtu mweusi mbele ya ukuta mweusi ni kinyume chake, kamera inazidisha mwanga na uso unapauka, hapo unapunguza.

*Dada wa Njiro:*
Shikamoo mzee. Naomba nipingane kidogo na mleta mada, vifaa navyo vina mahali pake. Mkesha kanisani taa mbili tu zinawaka, au simba yuko mbali kule Tarangire, hapo jicho peke yake halitoshi. Ila mimi nilikaa na lenzi ya 18-55 iliyokuja na kamera miaka minne, ndipo nikajua hasa ninachokikosa ni nini, na hata hiyo lenzi ndefu ya kuvuta vya mbali huwa nakodi siku mbili narudisha.

*Mleta mada:*
Dada hapo kwenye kukodi nakubali kabisa. Mzee shikamoo, lile yai nimelijaribu leo asubuhi dirisha la jikoni. Jua likiingia moja kwa moja linakuwa kama duara la karatasi, nimevuta pazia jepesi likaanza kuviringika. Kivuli cha pembeni kinatakiwa kiwe laini kiasi gani?

*Mzee wa studio:*
Marahaba. Usiweze kusema kinaanzia wapi. Likikaa hivyo ondoa yai, mkalishe mtu hapohapo.